Ubao Uliojaa Hewa

Usiku nilipobandika ganda la chini la ubao wangu wa tatu, uzito ulioulalia ulikuwa takriban kilo 1,400, na juu yake hapakuwa na jiwe, jiriwa wala gunia la mchanga. Kulikuwa na mfuko wa plastiki tu, pampu ndogo niliyoiunda kutokana na kompresa ya jokofu bovu, na hewa ya kawaida ya chumbani, ambayo hutulemea sote mchana na usiku pasipo sisi kuihisi. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikaikodolea macho sindano ya geji kama mtu anayekesha na mgonjwa. Hapo ndipo nilipokiri moyoni kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimejiita seremala wa mbao za mawimbini, ilhali kilichokuwa kikinishinda siku zote kilikuwa hewa: hewa iliyofungiwa ndani ya povu, hewa inayobana kutoka nje, na hewa inayotafuta upenyo wa kutorokea saa ambayo fundi amekwisha kulala.

Ubao ninaouzungumzia ni ule wa kusimama na kuteleza juu ya wimbi, lakini si ule wa kawaida unaotoka kiwandani ukiwa na povu lililovikwa faibaglasi pekee. Huu una kiini cha povu jepesi la polistirini, kisha kitambaa chembamba cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi (resini ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu), kisha ganda la mbao nyepesi lenye unene wa milimita 3, juu na chini, na mwisho kitambaa kingine cha faibaglasi kwa nje. Kingo za pembeni hujengwa kwa vipande virefu vya mbao vilivyogundishwa kimoja juu ya kingine. Povu ninalotumia lina uzito wa kilo 16 kwa kila mita ya ujazo, na kwa kuwa plastiki yenyewe ya polistirini kabla ya kufurishwa huzidi kilo 1,000 kwa ujazo huohuo, asilimia 98 hivi ya kiini ni hewa tupu. Ubao wangu una urefu wa sentimita 183, upana wa sentimita 51 na unene wa sentimita 6.4 pale katikati. Ujazo wake ni karibu lita 34, na povu lote lililomo ndani yake lina uzito wa takriban nusu kilo.

Je, nusu kilo ya povu inayovunjika kwa vidole inawezaje kumbeba mtu mzima anayeshuka na wimbi kwa kishindo? Jibu ni kwamba haimbebi peke yake. Mtelezaji anapoukanyaga ubao katikati, ganda la juu hubanwa na ganda la chini huvutwa. Povu halifanyi kazi kubwa zaidi ya kuyatenganisha maganda hayo mawili na kuyazuia yasiteleze, moja likaenda huku na jingine kule. Kadiri maganda yanavyokaa mbalimbali ndivyo ubao unavyokataa kupinda, na hesabu yake inashangaza: umbali kati ya maganda ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka karibu mara nne, na uzito unaoongezeka ni ule wa povu tu. Wajenzi wa ndege walilijua jambo hili mapema. Ndege ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na mwili wa plaiwudi nyembamba ya mti wa birch kwa ndani na kwa nje, na katikati yake mbao laini za balsa. Ilikuwa ndege ya mbao wakati ambapo karibu kila mtu alikuwa amehamia kwenye aluminiamu.

Lakini mpango huu wote unategemea jambo moja, nalo ni mshikamano kati ya ganda na kiini. Mahali gundi ilipoachia, hata pakiwa na upana wa kiganja tu, ganda la juu linabaki bila mwenzake wa kuliegemeza. Likibanwa hujikunja, na likishajikunja mara moja mpasuko huanza kutambaa. Ndiyo maana huwa nasikitika kidogo ninapoona mtu anatumia wiki mbili kuchagua mbao zenye mistari ya kupendeza, halafu anaimalizia kazi ya gundi jioni moja kwa kubandika matofali juu. Nimeyasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1932 Tom Blake, mtelezaji wa Marekani, alipata hataza ya Marekani kwa ubao wenye uwazi ndani, wakati ambapo mbao nyingi bado zilichongwa kutoka kwenye miti mizima na kubebwa kwa taabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Bob Simmons wa California alitengeneza mbao zenye kiini cha povu la polistirini, maganda ya plaiwudi na kingo za balsa, yaani karibu kilekile ninachokifanya mimi leo, isipokuwa yeye hakuwa na mfuko wa ombwe. Baadaye, kuanzia mwaka 1958, Hobie Alter na Gordon Clark walifanikisha povu la poliyurethani, ambalo ni rahisi kuchonga na halidhuriwi na resini ya poliesta, na mbao za maganda zikasahaulika kwa muda mrefu. Kampuni ya Clark ndiyo iliyokuwa ikiwapa mafundi wengi wa Marekani povu la kuchonga, hadi ilipofungwa ghafla tarehe 5 Desemba 2005. Wengi walibaki mikono mitupu, na baadhi yao wakarudi kwenye polistirini, epoksi na mbao. Mimi niliingia katika kazi hii baada ya vumbi hilo kutulia, nikayakuta maarifa yao tayari yamezagaa.

Kazi huanza na balsa, ile mbao nyepesi ya maganda. Huja katika vipande vyenye upana wa sentimita 10 hivi, na kwa macho vyote vinafanana, lakini kwenye mizani hutengana vibaya: kimoja kinaweza kuwa na uzito mara mbili ya jirani yake. Mimi hupima kila kipande na kuandika gramu zake kwa penseli pembeni. Vizito huwekwa mahali miguu itakapokanyaga, vyepesi huenda omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. (Nimeazima maneno ya wenye majahazi kwa sababu sijapata bora zaidi, “pua” na “mkia” yanafaa kwa mnyama.) Kisha kingo za vipande hunyooshwa kwa msasa uliobandikwa kwenye rula ndefu, vikaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa utepe wa karatasi, vikageuzwa, vikafunguliwa kama kurasa za kitabu, na gundi ikapakwa kwenye kila mfereji. Ukilaza vizuri, unapata karatasi moja pana ya mbao inayopinda kama ngozi.

Kiini hukatwa kwa waya wa moto uliovutwa kati ya ncha mbili za upinde, ukiongozwa na vielelezo viwili vya plaiwudi vilivyobandikwa pande mbili za tofali la povu. Hapa kuna kanuni moja tu ya maana: waya usisimame. Ukisita kwa nukta chache, waya unayeyusha mfereji ambao utaujaza kwa jasho. Mlango uwe wazi, kwa maana moshi wa povu si wa kuvuta. Kiini hukatwa kikiwa chembamba kuliko ubao uliokusudiwa, milimita 3 kila upande, ili maganda yakishawekwa unene utimie. Na kipande cha chini kinachobaki baada ya waya kupita, ambacho mgeni angekitupa jalalani, ndicho chombo cha thamani kuliko vyote karakanani, kwa sababu kina mpindo uleule wa tumbo la ubao, ila kinyume chake. Nitakirudia.

Kuhusu resini, ninaomba asiyejua asijaribu poliesta juu ya povu hili. Ndani ya poliesta mna stirini, na stirini huyeyusha polistirini. Nililithibitisha hilo kwa tone moja lililodondoka kwenye kibanzi; kibanzi kilizama mbele ya macho yangu kama sukari iliyomwagiwa chai. Epoksi ndiyo yenyewe. Nayo ina masharti yake: uwiano wa ujazo si uwiano wa uzito, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kuiweka mizani mbele yako, usiache kiasi kikubwa kikae koponi, kwa kuwa hujipasha moto chenyewe na kuganda kabla hujageuka, na vaa glavu kila mara, kwa sababu mwili ukishapata mzio wa epoksi, mzio huo hauondoki.

Sasa tuje kwenye mfuko.

Watu husema pampu “inavuta” mbao zishikane na povu. Pampu haivuti mbao. Pampu huondoa hewa iliyo ndani ya mfuko, na hewa ya nje, ambayo haina tena kitu cha kushindana nayo, husukuma. Usawa wa bahari, hewa hiyo hubana kwa kilopaskali 101, sawa na zaidi ya kilo 10,000 juu ya kila mita ya mraba. Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unapata tamaa, na mimi niliipata. Ubao wangu wa kwanza niliufunga mfukoni bila geji, nikaiacha pampu ifanye iwezavyo hadi alfajiri. Asubuhi nilikuta kiini kimesinyaa kingoni kama mkate uliokaliwa, na ubao mzima umejisokota. Ukiutazama kutoka tezi, upande wa kushoto ulikuwa umeinuka kuliko wa kulia kwa karibu upana wa kidole. Povu la kilo 16 likibanwa kwa kilopaskali 70 hivi hupoteza sehemu ya kumi ya unene wake, na uharibifu huanza kabla ya hapo. Sikuhitaji nguvu hizo hata kidogo. Kilopaskali 20 zinatosha. Juu ya ganda lenye eneo la mita ya mraba 0.7, hizo ndizo zile kilo 1,400 nilizozitaja mwanzoni, zimetandazwa sawasawa kila mahali, jambo ambalo hakuna matofali yanayoliweza.

Kujisokota ni kosa jingine, na lilinichukua muda kulielewa. Mfuko hubana kutoka pande zote kwa usawa, kwa hiyo hauna upendeleo. Haujui kwamba ulikusudia omo iinuke hivi na tumbo libonyee vile. Umbo lolote ambalo kiini kimelala nalo wakati resini inaganda, hata kama ni kwa sababu meza ina mguu mfupi, ndilo umbo utakaloishi nalo. Kiini peke yake ni laini mno kujitetea. Ndipo kinapohitajika kile kipande kilichobaki chini ya waya. Ninakiweka juu ya meza iliyopimwa kwa pima maji, ninatandika juu yake karatasi ya plastiki, kisha balsa, kisha kitambaa cha faibaglasi chenye gramu 135 kwa mita ya mraba, kilichokwisha kuloweshwa, na juu kabisa kiini chenyewe, tumbo likiangalia chini. Vyote pamoja, kitanda na mgonjwa wake, huingia ndani ya mfuko mmoja. Hewa ikianza kubana, hubana ubao dhidi ya mpindo wake wenyewe.

Resini ya kulowesha ninaipima iwe sawa na uzito wa kitambaa, nikiongeza kidogo kwa ajili ya vishimo vya povu. Ikiwa nyingi mno, unabeba mzigo usiofanya kazi; ikiwa chache, mbao zinainywa yote na povu linabaki kavu. Juu ya vyote ninalaza blanketi jembamba, si kwa joto, bali ili hewa iwe na njia ya kusafiri hadi kwenye mdomo wa pampu hata plastiki ikishajigandamiza. Halafu huanza kazi ninayoipenda kuliko nyingine, ya kusaka mivujo. Ninachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, na ile nyingine ninaipitisha polepole juu ya mshono wa mfuko. Mvujo mdogo usioonekana kwa macho hupiga mluzi mle ndani kama nyoka aliyekanyagwa. Ninaukandika kwa utepe laini, ninasogea. Inaweza kuchukua nusu saa, na ndiyo nusu saa inayoamua kama geji itabaki palepale hadi asubuhi.

Ubao wa pili ulinyooka vizuri. Ulinikomesha kwa njia nyingine, tena mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya kupaka resini ya nje. Nilianza asubuhi na mapema, kukiwa na baridi, nikiamini kwamba nitakuwa na muda wa kutosha kabla resini haijaganda. Jua lilipopanda, karakana ikapata joto, hewa iliyokuwa ndani ya vinyweleo vya balsa ikatanuka na kutafuta mlango, na mlango wake ulikuwa resini yangu mbichi. Viputo vilichomoza kwa mamia. Nilikipasua kimoja, vikatokea viwili. Sasa ninafanya kinyume: ninaupasha ubao joto kwanza, na ninapaka jioni wakati joto linashuka, ili hewa iliyo ndani ya mbao isinyae na kuivuta resini iingie ndani badala ya kuitoboa. Balsa ni mlevi wa resini, kwa hiyo kabla ya kitambaa cha nje ninaipaka utando mwembamba uliochanganywa na unga wa vidonge vya kioo vyenye uwazi ndani, ambao huziba vinyweleo pasipo kuongeza uzito wa maana. Msasa, kisha kitambaa.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Sikuwa nimeweka kitundu cha kupumulia. Niliuacha ubao umelala juani mchana mmoja tu, ganda la juu likiwa limeelekea angani, na niliporudi nilikuta karibu na mahali pa mguu wa nyuma pamevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Baadaye nilikaa na karatasi nikafanya hesabu. Hewa iliyofungiwa ndani kwa nyuzi joto 25 za Selsiasi, ikifikishwa nyuzi 65, huongeza msukumo kwa zaidi ya asilimia 13. Kwa ganda la mita ya mraba 0.7 hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilo 900 inayosukuma kutoka ndani, wakati ambapo joto hilohilo linailainisha gundi. Jambo la kushangaza ni kwamba palivimba mahali pamoja tu. Ndani ya ndege hali ni kinyume lakini matokeo ni yaleyale: hewa ya nje hupungua, ya ndani hubaki ileile. Tangu hapo kila ubao wangu una kiziba kidogo sitahani chenye utando unaopitisha hewa lakini haupitishi maji, kimekaa ndani ya kipande cha mbao ngumu nilichokizamisha kwenye povu. Wapo wanaotumia skrubu yenye mpira, wakiilegeza nchi kavu na kuikaza kabla ya kuingia majini. Mimi najijua, nitasahau.

Mengine ni ya haraka. Ganda la chini likishagandishwa, pembe za kiini hukatwa na kingo hujengwa kwa vipande vya paulownia, mti ambao ni mzito kuliko balsa lakini haunywi maji kwa pupa kama balsa, na kingo ndizo zinazogongwa zaidi. Ganda la juu huja mwisho, kwa sababu mara tu maganda yote mawili yanapokuwa mahali pake, mpindo hautabadilika tena hata ukiomba. Visanduku vya mapezi na kishikizo cha kamba ya mguuni huzamishwa ndani ya vipande vya povu zito, kamwe visiwekwe kwenye povu jepesi lenyewe. Kisha randa, kisha msasa, siku kadhaa za msasa, na barakoa yenye kichujio usoni wakati wote, kwa kuwa vumbi la epoksi na la faibaglasi halina huruma kwa mapafu.

Ubao wa tatu ulifika kilo 2.9 ukiwa na mapezi yake, kama gramu 300 juu ya hesabu niliyoiandika ukutani. Ninajua gramu hizo ziko wapi: nilipaka resini ya nje kwa mkono mzito. Majini unateleza kwa uhai ambao povu la poliyurethani halijawahi kunipa, ukipindishwa na wimbi unarudi upesi, na wimbi likiwa na makunyanzi ya upepo unatikisika kupita kiasi, kwa sababu wepesi wake hauyalazi yale makunyanzi. Si ubao wa kila siku. Sitamdanganya mtu.

Kila baada ya siku kadhaa huulaza juu ya magoti na kuugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka omo hadi tezi, nikisikiliza. Mahali gundi iliposhika hutoa sauti kavu, ya juu, kama ngoma iliyowambwa vizuri. Palipoachia hutoa sauti butu. Papo upande wa kulia, shubiri moja kutoka kwenye mapezi, mahali panaponijibu kwa sauti butu, pana ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nimepazungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe. Bomba la sindano lenye resini liko tayari kabatini, pamoja na kekee nyembamba ya kutoboa vitundu viwili, kimoja cha kuingizia resini na kingine cha kutolea hewa. Jana nimegonga tena. Sauti butu bado inakoma palepale kwenye mstari.